Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

JUMANNE

Soma 1 Samweli 1:24-28 na 2:18-21. Hana aliendelea kumfanyia Samweli nini baada ya kumkabidhi kwa Eli? Tendo hilo linawafundisha nini wazazi wenye watoto shuleni?

Hana alimtoa mwanawe kwa Bwana akiwa bado mdogo, baada tu ya kumwachisha ziwa. Tangu siku ile Samweli alikaa Shilo chini ya uangalizi wa kuhani Eli. Mtu angeweza kudhani kwamba kazi ya mama ilikuwa imekwisha. Lakini Maandiko yanaonyesha kwamba kila mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu, Hana alimpelekea mtoto kanzu ndogo aliyomtengenezea mwenyewe.

Mtoto hukua, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Ili kuitengeneza nyingine, Hana alipaswa kujua kimo cha mwanawe. Ilimbidi amtazame vizuri kila walipoonana. Tena Shilo hapakuwa mahali pakamilifu, maana wana wa Eli walikuwa waovu (1 Samweli 2:12-17). Mama huyu alimkabidhi mtoto wake kwa mlezi, lakini hakuacha kumfuatilia.

Nchini Tanzania, tangu mwaka 2016, shule za serikali hutoa elimu bila ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Huo ni msaada mkubwa kwa familia nyingi. Hata hivyo, liko jambo ambalo serikali haiwezi kulifanya kwa niaba ya mzazi: kujua kimo cha mtoto wake katika kujifunza.

Fikiria nyumba moja ya mzee wa kanisa. Binti yake yuko darasa la nne. Sare yake ni safi, madaftari anayo, na hakosi shule. Kila Ijumaa jioni familia inapokutana kufungua Sabato, kaka yake ndiye husoma fungu. Ijumaa moja kaka hayupo, na Biblia anapewa binti. Anaisoma Zaburi ya 23 vizuri mpaka mwisho. Baba anafurahi, anamwambia aendelee na ya 24. Mtoto ananyamaza. Zaburi ya 23 alikuwa ameikariri katika Shule ya Sabato ya watoto. Kusoma hajui.

Baba afanye nini? Fimbo haitamfundisha mtoto kusoma, na kumlaumu mwalimu mbele ya mtoto kutamfanya amdharau. Baba mwenye hekima atamwambia binti yake kwamba hana hasira naye. Jumatatu asubuhi ataenda shuleni kumwona mwalimu wa darasa, si kwa ugomvi, bali kuuliza: Mtoto amekwama wapi? Huketi wapi darasani? Je, anauona ubao vizuri? Nyumbani atapunguza kazi za jioni ili mtoto asianze kushika daftari akiwa tayari anasinzia. Na katika ibada ya kila siku atampa mistari miwili tu asome mwenyewe, taratibu, bila kuchekwa na ndugu zake.

Wapo wazazi wanaosema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Lakini mama asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe, "Leta daftari, unisomee mlichoandika leo." Ataona kama kurasa zinaongezeka au zimesimama. Atasikia kama mtoto anasoma au anababaisha. Katika shule nyingi za msingi za Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili, hivyo mama anaweza kufuata maelezo ya mtoto hata akiwa anapika. Musa aliwaagiza wazazi kufundisha wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka (Kumbukumbu la Torati 6:6, 7). Nafasi hizo kila nyumba inazo.

Wala kazi hii si ya mama peke yake. Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto, na Paulo aliikumbuka imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5, 3:15). Baba, bibi, shangazi na kaka mkubwa, wote wanaweza kumsikiliza mtoto akisoma. Mtoto anayejua kusoma hatabaki kutegemea mafungu aliyoyakariri kwa kusikia. Ataweza kuifungua Biblia mwenyewe, hata siku ambayo hakuna wa kumsomea.

Tafakari: Je, unajua mtoto wako amefika wapi katika kusoma, kuandika na kuhesabu? Ni lini mara ya mwisho ulimsikia akisoma jambo ambalo hajalikariri?

Kwa majadiliano: Katika kundi lenu, ni mtoto gani asiye na mtu wa kumsikiliza akisoma nyumbani? Mtafanya nini kwa ajili yake kabla ya Sabato ijayo?