Jicho la Mgeni na Shukrani ya Mwenyeji

Katika maswali ambayo wanazuoni wa dini na wenye hekima wameyachunguza tangu zama za kale bila ya kuyamaliza, liko moja ambalo mtu wa Singida hana haja ya kulifuata vyuoni, kwa sababu humjia mlangoni pamoja na kila mgeni: yawaje neema aliyojaaliwa mja tangu kuzaliwa kwake ionekane kwanza na mpita njia, ilhali yeye aliyekulia ndani yake huipita asubuhi na jioni kana kwamba haipo? Swali hili si la mapambo ya mazungumzo tu, maana lagusa faradhi ya kushukuru, na mtu hawezi kushukuru kwa kitu ambacho hajapata kukiona.

Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa kati, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, jirani na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na pande zote umezungukwa na majabali ya itale. Sisi wenyeji twayajua majabali hayo kwa kero zake: yamezuia jembe, yamepindisha njia, yamewapa nyoka maficho, na aliyerithi kiwanja chenye jabali katikati hupewa pole. Mgeni wangu mmoja, mtu wa Denmark, nchi ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote hakifiki hata mita 200, alisimama kando ya Singidani akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kujifunza, ni nani aliyeyapanga mawe yale; wala hakuwa akifanya mzaha. Mbele yetu lilikuwapo jabali moja kubwa kadiri ya nyumba, limekaa juu ya jingine, na mahali yalipogusana hapakuzidi upana wa kigoda. Kisha akawaona heroe wakitembea majini, na ukingo mweupe wa magadi ulioachwa na maji yaliyopungua kwa kiangazi, akanyamaza kwa muda uliotosha kunitia wasiwasi, kwa kuwa kuku alikuwa jikoni na mimi nilikuwa nikitazama saa.

Kuku huyo naye ana neno lake katika habari hii. Kuku wa kienyeji wa Singida husafirishwa kwa matenga mpaka Dar es Salaam, wakasifiwa huko kwa ladha yao, na kumbe katika nyumba nyingi wanakofugwa hawaliwi ila siku ya mgeni, madhali siku nyingine zote wao ni karo ya shule na dawa ya mgonjwa. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walikuwa wakisema mambo ya chungu kwanza; lakini nadhani yafaa vilevile kwa mambo ya macho, kwa maana mandhari ya kwetu nayo tumeiweka akiba mpaka aje mtu wa mbali ndipo tukae kuionja.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilishughulikia jambo hili katika kitabu chake Ihya, pale alipozungumza juu ya subira na shukrani, akaona kwamba aghalabu watu hawaihesabu kuwa neema ile iliyoenea kwa wote na wakati wote, kama hewa, mpaka mmoja wao abanwe pumzi. Na mahali pengine, akizungumza juu ya mapenzi ya Mwenyezi Mungu, amempiga mfano kipofu aliyekwisha kuwa mtu mzima mwenye akili timamu, kisha akafunguliwa macho ghafula akaziona mbingu na ardhi na miti na wanyama kwa mara moja, akasema kwamba yahofiwa akili ya mtu huyo isije ikapotea kwa mshangao. Sisi hatupotezi akili kwa sababu tulionyeshwa kidogo kidogo tungali watoto, kabla akili haijakomaa. Karibu miaka mia saba kabla yake, Agostino, askofu wa Hippo katika ardhi ambayo leo ni Algeria, aliwaambia waumini wake kwamba yule aliyeilisha halaiki kwa mikate mitano ndiye azidishaye mbegu chache zikawa mavuno kila mwaka, nao hustaajabia mikate wasistaajabie shamba. Mwislamu na Mkristo, mmoja wa Khorasani na mwingine wa Afrika, wamekutana katika shtaka moja, na mshtakiwa ni mazoea. Mtu akipita Iramba wakati alizeti imechanua, shamba baada ya shamba, manjano mpaka macho yachoke, asikie wenyewe wakizungumza bei ya gunia peke yake, atajua kwamba shtaka hilo halijafutwa.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaolitukuza jicho la mgeni kana kwamba kutoka mbali peke yake ni elimu. Nchi hii imekwisha kutazamwa na wageni wa namna nyingi. Mwezi wa Januari mwaka 1875, Henry Morton Stanley aliingia Unyaturu akitoka pwani kwenda Ziwa Viktoria, akamzika huku kijana wake Edward Pocock, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1878 aliwasifu watu wa Suna kwa uzuri wa maumbile yao, sifa ambayo mzee yeyote wa Kinyaturu angeipokea kwa furaha. Lakini siku chache baadaye, huko Vinyata, msafara wake ulipigana na ndugu za hao hao, watu wa pande zote mbili wakafa, vijiji vikachomwa moto na nafaka ikachukuliwa. Jicho lililoona uzuri halikumzuia mwenye jicho. Wakaja na Wajerumani, nao wakaona dhahabu Sekenke, huko Iramba. Na katika vita vikuu vya kwanza, mwaka 1916, dhahabu hiyo ikafuliwa Tabora kuwa sarafu za rupia 15, uso mmoja una tai wa Kaisari na uso wa pili una ndovu mbele ya mlima, wala hapakuwa na herufi moja ya kuitaja Iramba. Hao nao ni wageni walioithamini nchi yetu.

Mwingine alikuwa Mmarekani Harold Schneider, aliyekaa kwa Wanyaturu kati ya mwaka 1959 na 1960 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1970. Wakati ambapo wakubwa wa serikali ya kikoloni, na baadhi ya vijana wetu waliokwisha kuonja shule, walisema kwamba kujaza zizi ni ujinga wa wazee, yeye aliketi akafuata hesabu: samadi ya ng'ombe hulisha shamba la uwele, uwele uliozidi hununua mifugo, na mifugo ni mali iwezayo kuhesabiwa na kukopeshwa na kurithiwa kama fedha yoyote. Wazee walikuwa wakilijua hilo bila ya kuandika. Insafu yataka tukiri kwamba walihitaji mtu wa mbali ili wajukuu zao wasadiki. Lakini yataka pia tukumbuke kwamba mtu huyo aliona kwa sababu alikaa, akauliza, akangoja, yaani alipokwisha kuupunguza ugeni wake.

Baada ya yule wa Denmark kuondoka nilirudi kando ya ziwa, kwenye majabali yaleyale, nikamkuta bibi mmoja akiponda kokoto. Wenzake walikuwa wamewasha moto juu ya mwamba ili upate joto na kupasuka, naye alikuwa ameshika kipande cha jiwe ndani ya pete ya mpira wa tairi, vigae visimrukie machoni, akikipiga kwa nyundo na kukusanya kokoto katika ndoo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza habari ya mgeni aliyetaka kumjua mpangaji wa mawe.

Akacheka. "Mwanangu, mpangaji anajulikana. Nami kila siku namwomba radhi kwa kumpangulia, maana wajukuu lazima wasome."

Nikamwonyesha jabali moja pana lililolala kama sakafu, halina ufa, rahisi kulifikia kuliko yote, nikamwuliza kwa nini hilo hawajaligusa.

"Lile hatulivunji. Twaanika uwele pale. Na jua likichomoza, huanza kuangaza pale kabla halijafika mahali pengine popote."

Sababu ile ya kwanza ningeweza kuikisia mwenyewe, maana hata mama yangu alianika juu ya mwamba. Ya pili sikuitarajia, wala yule mtu wa Denmark, pamoja na picha zake zote, hakurudi nayo kwao, kwa kuwa kila asubuhi, tangu siku aliyofika mpaka siku aliyoondoka, jua lilichomoza akiwa bado amelala.