Kumshinda Mkubwa Mchezoni

Je, ni adabu mdogo amshinde mkubwa? Swali hili huonekana dogo, kwa sababu mahali pake pa kawaida ni mchezoni, na watu wengi wamezoea kuudhani mchezo kuwa ni shughuli ya wasio na shughuli. Walakini kila jioni, jua linapopungua ukali na watu wakakusanyika kulizunguka bao, swali hili huwapo ijapokuwa hakuna alitamkaye. Huja walewale wa jana na juzi, hukaa palepale, hutaniana utani uleule. Miongoni mwao yumo mwenye mali na asiye na kitu, mwenye cheo na mwenye jembe, baba na mwana. Hapana budi mmoja amfunge mwenziwe. Hapo ndipo adabu na haki hukutana, na pengine hugombana.

Katika mkoa wa Mara, nchini Tanzania, upo mfano wa jambo hili ambao husimuliwa mpaka leo. Burito Nyerere alikuwa mtemi wa Wazanaki huko Butiama. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo sasa imo katika wilaya ya Bunda, alikuwa akicheza soro, yaani bao la upande ule, na mtoto mmoja wa Burito aliyeitwa Kambarage. Mtemi akauona wepesi wa akili ya mtoto huyo, akamshauri baba yake ampeleke shule. Simulizi za namna hii hupata nyongeza kila zipitapo kinywani mwa watu. Lakini lisilo na shaka ni kwamba mtoto yule, aliyezaliwa mwaka 1922, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Huyo ndiye Julius Kambarage Nyerere, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika, na kisha wa Tanzania.

Msomaji na aitazame habari hii kwa upande wa pili. Tuseme mtoto angaliona haya kumsumbua mtemi mchezoni, akajifanya hajui, akaziacha kete zake zikaliwa makusudi. Mtemi angaliona nini? Angaliona mtoto mwenye adabu, na watoto wenye adabu walikuwa wengi. Akili ya mtoto ingalibaki imefichwa nyuma ya heshima yake. Tena tuseme mtemi angalikuwa mtu wa kuchukia kufungwa na mtoto. Basi mtoto angalifukuzwa, na shauri la shule lisingalitolewa. Kwa hiyo sifa ya habari hii ni ya watu wawili: mdogo aliyecheza kwa nguvu zake zote, na mkubwa aliyekubali nguvu hizo zionekane.

Bao lina tabia yake inayolifanya jambo hili kuwa zito. Liko bao la kiswahili, lijulikanalo sana pwani, lenye mashimo 32 na kete 64; na yako mabao ya bara yenye kanuni zake. Lakini yote yanafanana katika hili, kwamba hakuna bahati ndani yake. Mcheza karata aweza kusema kuwa alipewa karata mbaya. Mcheza dado aweza kuulaumu mkono wake. Mcheza bao hana wa kumlaumu. Kete zote zimo mbele ya macho ya watu wote, na kila mchezaji alikuwa na nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo kushindwa baoni ni kushindwa kwa akili, tena mbele ya watazamaji ambao hawanyamazi. Si ajabu basi kwamba mtu anayecheza na mkuu wake hushikwa na kishawishi cha kumwachia.

Wanaotetea kuachia wana hoja, na hoja yao haifai kudharauliwa. Husema kuwa heshima ya wazee ni nguzo ya jamii, nayo ni kubwa kuliko ushindi wa jioni moja. Kijana atapoteza nini akimwacha mzee aende nyumbani kwake na furaha? Tena husema kuwa hata mzee humlegezea mtoto anapomfundisha, wala hakuna amlaumuye.

Lakini mambo hayo mawili hayafanani. Mwalimu anayemlegezea mwanafunzi hufanya hivyo waziwazi: mtoto ajua kuwa anafundishwa, na mzee hamdai mtu aamini kuwa ameshindwa kweli. Hapo hapana uongo. Kijana anayejifungisha kwa siri humpa mkubwa wake kitu cha bandia na kumwambia kuwa ni cha kweli. Humtendea kama mtu asiyeweza kuustahimili ukweli, na kwa hivyo, chini ya vazi la heshima, amemdharau. Mithali husema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayemwachia mkubwa humnyima nafasi ya kuwa mshindani.

Hasara ya udanganyifu huo huzidi kwa kadiri cheo kinavyozidi. Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, tafsiri iliyochapwa kwanza mwaka 1963, alikutana na mtu ajuaye kazi hiyo vizuri: Decius, ambaye hueleza kuwa humwambia Kaizari ya kuwa Kaizari achukia wenye kumsifusifu, na kwa maneno hayohayo humsifusifu kuliko wote. Mtawala huzungukwa na watu wa namna hiyo. Wanaomwambia kuwa amekosea ni wachache, na hupungua kila mwaka. Nyerere mwenyewe alipenda bao hata uzeeni. Alipokuwa kwake Butiama, baada ya kuuacha urais mwaka 1985, alilicheza pamoja na wazee wa huko. Mtu aliyeitawala nchi kwa zaidi ya miaka 20 apaswa kushukuru akipata mahali ambapo jirani aweza kumla kete zake bila kuomba radhi.

Huenda mtu akasema kuwa usawa huo ni wa mchezo tu: giza likiingia mwenye mali hurudi kwenye mali yake, na mwenye jembe kwenye jembe lake. Hayo ni kweli. Tena duara la bao halina watu wote. Mara nyingi wanawake wako jikoni wakipika chakula cha wachezaji, na usawa unaosifiwa barazani hauwafikii. Bao haligawi ardhi wala halitoi haki. Lakini laweza kutoa mazoea, na mazoea si kitu kidogo. Aliyezoea kumwambia mkubwa kwa kete zake, «Hapa umekosea,» atakuwa na ulimi mwepesi kidogo siku ya kumwambia kwa maneno. Na mkubwa aliyezoea kuyasikia hayo atakuwa na sikio jepesi kidogo.

Basi jibu la swali ni kwamba si utovu wa adabu mdogo kumshinda mkubwa, bali ni utovu wa adabu kumdanganya. Walakini wajibu ulio mzito hauko kwa mdogo. Mdogo hawezi kucheza kwa haki ikiwa anaogopa kuadhibiwa kwa kushinda. Mwenye kuiondoa hofu hiyo ni mkubwa peke yake. Naye hapimwi kwa kicheko anachotoa saa ile anapofungwa, kwa maana kucheka mbele za watu ni rahisi. Hupimwa kesho yake jioni, iwapo yule aliyemfunga ataitwa tena kuketi mbele yake.