Saa za Barubaru

Mzee wa pwani akiwaona barubaru barazani, simu mikononi, husema kizazi kimepotea. Na atazame kwanza bara, Kabasa ya Bunda, upande wa ziwa Nyanza. Huko kijana huamka jua halijapanda; kuna maji ya kuteka, kisha shule, na arudipo, ng'ombe na jembe la shamba la pamba vinamngoja. Mchana wake una mwenyewe, naye mwenyewe siye yeye.

Basi humbakia baina ya Magharibi na Isha. Jua la Kabasa huchwa baada ya la Mombasa kwa dakika 20 na ushei, lakini wasaa huo ni ule ule pwani na bara, yapata saa moja na dakika 10, masika na kiangazi. Huo ndio uchukuliwao na simu. (Na baba naye anayo yake.)

Zaid bin Thabit (R.A.) alikuwa mwana wa miaka 11 Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622. Baadaye, angali barubaru, aliamrishwa kujifunza maandishi ya Mayahudi, na imepokewa kwamba nusu ya mwezi haikutimia naye ameyajua. Siku yake haikuwa ndefu kuliko ya mwana wa Kabasa, ila alipata wa kumwamini, akampa kazi.

Baba amtakaye mwanawe na akae naye baada ya sala, simu zote mbili zimefungwa, msahafu umefunguliwa, amsikilize hata muadhini aadhini Isha.