Mfungieni Mbunge Wenu Mzigo

Ndugu zangu wa jimbo la Igalula, kwenu ndiko dunia ilikopitia. Msafara ulioondoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa, ukavuka Ugogo na kulikata lile pori la kiu lililoitwa Mgunda Mkali, ulipumua ulipofika Tura. Hapo ndipo Unyamwezi ilipoanza, na hapo palikuwa na mashamba, maji na watu wenye chakula cha kuuza. Kutoka Tura watu walielekea Rubuga, kisha Kigwa, na hatimaye Kazeh, mji tunaouita leo Tabora. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Stanley akapita 1871 akimtafuta Livingstone. Tura na Kigwa bado zipo, ni kata zenu, na diwani wa kila moja anakaa baraza moja na mbunge wenu.

Waliobeba mizigo ya njia ile walikuwa babu zenu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, begani, kutoka Unyamwezi hadi pwani, safari ya miezi. Pembe za ndovu zilishuka, nguo na shanga zikapanda. Vitabu vimejaa majina ya wenye mali na ya wageni waliotembea mikono mitupu. Uzito wenyewe ulikuwa kwenye mabega ya Wanyamwezi, na kila tajiri wa Unguja alijua kwamba bila wao hapana msafara.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1912 Wajerumani waliifikisha Tabora, na Goweko na Igalula zikawa stesheni. Ikaja lami. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilometa 85.4, kilichojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait pamoja na fedha zetu wenyewe, kilizinduliwa Mei 2022, na leo basi linatoka Tabora hadi Manyoni bila kuonja vumbi. Sasa inakuja reli ya kisasa: mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Njia ya pembe, njia ya mvuke, njia ya lori, njia ya umeme, zote zimechagua kupita kwenu.

Swali ninalotaka lisemwe kwa sauti katika kila kijiji ni hili: katika vyote hivyo vinavyopita, ni kipi kinachoshuka hapa?

Tokeni kwenye lami mwone. Nendeni Loya au Miswaki, upande wa mbuga za Wembere, mvua ikishakolea. Udongo ule mweusi unaopendwa na mpunga ndio huohuo unaomeza magurudumu. Mkulima ana mavuno ndani ya ghala, mnunuzi yupo Tabora, na katikati yao kuna tope. Mama mwenye uchungu anapandishwa bodaboda, mmoja mbele, mwingine nyuma akimshika, na kila wanapofika kwenye korongo wanashuka, wanavuka kwa miguu, wanapanda tena. Mambo haya si ya zama za misafara. Yanatokea katika jimbo linalopitiwa na barabara kuu na reli, na hasira juu yake ni halali kabisa.

Hasira lakini haijengi daraja. Anayeweza kulisogeza jambo hili hadi mahali fedha zinapogawanywa ni mtu mmoja tuliyempa kiti Dodoma. Waliokikalia tunawafahamu: Tatu Ntimizi, Athumani Mfutakamba, aliyewahi kuwa Naibu Waziri wa Uchukuzi, Musa Ntimizi, Venant Protas. Sina nia ya kuwapa alama mmoja mmoja. Nataka kuzungumza nanyi mlio nyumbani, kwa sababu mbunge ni mpagazi. Hubeba kile alichofungiwa. Mkimfungia mzigo mwepesi, atafika mapema, atautua, na hakuna atakayegeuka kumtazama.

Na tunamfungia nini? Tuseme kweli. Akifika jimboni tunapanga foleni kumwomba mchango wa harusi, jezi za timu, sanda, nauli ya kwenda hospitali. Shida hizo ni za kweli na mwenye utu hawezi kuzipuuza. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge hana greda, hana mtambo wa kuchimba kisima, wala hashiki funguo za Hazina. Ana kinywa na ana kura. Tukimwomba jezi ataleta jezi, na tutakuwa tumelitumia jembe kuchokonolea meno.

Kitazameni kinywa hicho kinavyofanya kazi. Mbunge hupeleka swali lake la msingi kwa maandishi. Wizara hukusanya majibu kutoka mkoani, wilayani na kwa wataalamu. Siku ikifika, Naibu Waziri anasimama na kusoma jibu lililokwisha andaliwa, na mara nyingi linaishia pale mnapopajua: Serikali itatekeleza kulingana na upatikanaji wa fedha. Kisha mwenye swali anapewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo penyewe. Dakika hiyo hakuna karatasi ya kumlinda waziri. Mbunge mwenye taarifa kutoka kijijini anaweza kumbana kwa jambo ambalo wizara haikulitegemea. Asiye na taarifa atauliza “ni lini” kwa mara ya pili, atajibiwa vilevile, atakaa chini.

Sasa fikirini akisimama na haya mkononi: kijiji hiki, barabara ilifungwa wiki hizi ngapi, wagonjwa hawa wangapi walibebwa kwa machela, magunia haya mangapi ya mpunga yalilala, mkutano mkuu wa kijiji ulikaa tarehe fulani na muhtasari wake huu hapa wenye muhuri. Serikali italijibuje hilo kwa sentensi ya fedha zitakapopatikana? Ikijibu hivyo, nchi nzima itasikia imejibu nini na imejibu nani.

Nani atazipata takwimu hizo? Si mbunge. Yeye hakulala Loya siku ile mto ulipofurika. Ni ninyi.

Kama mnadhani watu wa kijijini hawawezi kuifikisha karatasi yao mbali, niwapeleke mlimani, kaskazini mwa nchi hii. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili ardhi ile igawiwe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Wameru wale hawakuwa na mbunge. Hakukuwa na Mwafrika yeyote aliyepigiwa kura kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa na mikutano yao, na walikuwa na desturi ya kuandika. Waliandika nani kafukuzwa, nini kimeharibiwa, nani katoa amri. Walichangishana fedha, wakulima wale wa kahawa na ndizi, ambao wengine walikuwa wametoka kupoteza kila kitu. Wakamteua kijana wao, Kirilo Japhet, wakampa wakili, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka 1952 Kirilo akasimama New York, Umoja wa Mataifa, akaeleza kilichowapata watu wa mlimani kwake.

Tafakarini safari hiyo. Mtu wa kijijini, kutoka nchi iliyotawaliwa, anaketi mbele ya wajumbe wa mataifa na kuishtaki dola iliyomtawala, nayo iko palepale chumbani ikimsikiliza. Ardhi haikurudi kwa kura ile, maana azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili zilizohitajika katika Baraza Kuu. Hata hivyo jambo halikufa. Kirilo alirudi akazunguka nchini akilieleza, na miaka miwili baadaye, TANU ilipozaliwa, Watanganyika wengi walikuwa wameshasikia kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa, tena na mkulima. Nguvu ya Kirilo ilitoka kwa watu waliobaki nyuma yake na kwenye karatasi alizobeba. Alisema yao, kwa idadi yao, kwa ushahidi wao, kwa nauli yao.

Ninyi mna vingi kuliko walivyokuwa navyo. Mna mbunge kwa mujibu wa sheria, na hata kiti chake kinadai heshima kwenu kwa namna ya pekee, maana hatua mojawapo kubwa ya kukipata ilipigwa mkoani kwenu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimisha mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi kwa mkupuo, tena kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Wengi waliona ni tusi, na tusi lilikuwepo. Waliamua kuingia. TANU ikashinda, na chini ya miaka minne baadaye Tanganyika ilikuwa huru. Leo mtu wa Igalula anapiga kura bila kuulizwa mshahara wake. Kwa hiyo kumchagua mbunge kisha kumsahau hadi miaka mitano iishe ni kuitupa mali ya watu.

Basi kazi ianze kijijini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inawapa mkutano mkuu wa kijiji, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Huo ndio bunge lenu la kwanza, na ndani yake kila mtu mzima mkazi ni mjumbe. Usipoitishwa, uliza kwa maandishi kwa nini. Ukiitishwa, nenda, usimwachie mwenyekiti na watu wake sita. Mapato na matumizi yasomwe. Kisha chagueni jambo moja la kupeleka juu. Moja! Kijiji kinachopeleka mahitaji kumi na mawili kimemsaidia mpangaji kuchagua lile rahisi kuliko yote na kusema amewasikia.

Na mjue mlango wa kubisha. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya na vijijini, tangu 2017, ziko chini ya TARURA. Maji vijijini ni ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019. Barua iliyokwenda ofisi isiyohusika huzunguka mwaka mzima na kurudi ilikotoka. Mbunge pia ni mjumbe wa baraza la madiwani, kwa hiyo mbaneni kule wilayani, Isikizya, si Dodoma peke yake. Na upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha zake si nyingi, lakini zinatosha kuezeka darasa ambalo wananchi wameshapandisha kuta. Ulizeni kila mwaka zimekwenda wapi, kwa adabu na kwa kalamu.

Msiogope ukubwa wa jambo. Kwa miaka mingi nani angeamini kwamba maji ya Ziwa Victoria yatapanda hadi Unyamwezi? Mwaka 2021 ule mradi mkubwa uliogharimiwa kwa mkopo wa India ulizinduliwa, na maji yakafika Nzega, Igunga na Tabora mjini. Bomba lililokwisha fika Tabora linaweza kusogezwa. Lakini halitasogea lenyewe kuelekea kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuhesabu kaya zake, wala kuandika akina mama wanaondoka saa ngapi alfajiri na ndoo na kurudi saa ngapi.

Vijana, hapa nawahitaji ninyi hasa. Majadiliano ya Bunge yanachapishwa, na simu iliyo mkononi mwako inaweza kuyafungua. Tafuteni jina la Igalula humo. Someni kila ahadi ambayo Serikali imewahi kuitoa juu ya kata yenu, ilitolewa na nani, tarehe ngapi. Inakilini kwa mkono, ibandikeni kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mzee wa tumbaku anayekesha akichochea moto kwenye bani la kukaushia hawezi kuingia mtandaoni, ila akisomewa ataelewa upesi kuliko mwanasheria yeyote, kwa sababu ahadi ile ilikuwa yake.

Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na mipango ya halmashauri hupikwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Kwa hiyo mkutano wa kijiji wa robo hii ndio wenye maana, si ule wa mwakani. Mwalimu ashike kalamu. Anayelima mpunga aseme magunia yake, mfuga nyuki aseme madebe yake ya asali, mkunga aseme akina mama aliowapokea njiani. Yaandikwe yote, yasomwe upya mbele ya watu, yagongwe muhuri. Mbunge akija, mkabidhini mkononi hadharani, nakala ibaki kwa diwani na nyingine ofisini, na kabla hajapanda gari lake mkubaliane naye tarehe atakayorudi kwenye uwanja uleule kuwaeleza waziri amejibu nini.