Korosho kwa Amri

Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara na Lindi waligoma kuuza korosho. Msimu uliotangulia kilo moja ilifika hadi shilingi 4,000 mnadani. Safari hii wanunuzi walileta zabuni za chini ya 3,000. Novemba Rais Magufuli akawatimua waziri wa kilimo na waziri wa viwanda na biashara, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi litaisomba. Kusini ikashangilia. Nani angekataa bei ile?

Lakini mambo yalianza kuharibika mapema, Dodoma, mwezi Juni mwaka huohuo wa 2018. Asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi inayouzwa nje ilikuwa ikirudi kwenye mfuko wa zao, kugharimia pembejeo na utafiti. Bunge likabadili sheria, fedha yote ikaenda Hazina. Wabunge wa kusini walipinga, wa chama tawala wakiwemo, wakazidiwa kura. Pale ambapo chama kimoja kina viti vya kutosha na kauli ya mwisho iko Ikulu, mkoa unaolima zao lenyewe unabaki kulalamika tu.

Amri nayo haikujua kalenda ya soko. Korosho yetu huanza kuvunwa Oktoba. Ya Afrika Magharibi huingia sokoni baada ya mwaka mpya. Katikati hapo ndipo wabanguaji wa India na Vietnam wanatuhitaji kwelikweli. Miezi hiyo ikaliwa na uhakiki: mashamba yakaguliwe, majina yalinganishwe na ya vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela kwa bei ya chini, wanaswe. Kangomba ni wizi, sibishani. Ila mkulima halali naye alikaa na stakabadhi yake mkononi, korosho iko ghalani, mwenye duka anadai hela ya salfa ya kupulizia mikorosho na shule zinafunguliwa Januari.

Januari hiyohiyo ukasainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000. Mkataba haukutekelezwa, serikali ikauvunja. Na waziri gani angesema mapema kwamba amri imekwama, ilhali wawili walikuwa wametoka kufukuzwa kwa sababu ya korosho hiyohiyo?

Msimu wa 2019/20 minada ilirejeshwa, wanunuzi binafsi nao wakarudi. Ile asilimia 65 ilibaki Hazina msimu huo.