Tarumbeta na Bahasha

Mama akisema mwanawe hasikii, hakuna anayemkimbiza mtoto kwa daktari wa masikio. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaelewa kwamba mtoto huyo anasikia vizuri sana, ila hafanyi alichoambiwa. Lugha yetu imeweka kusikia na kutii katika kitenzi kimoja, ndiyo maana methali ya asiyesikia la mkuu haihitaji kufafanuliwa. Naanzia hapo kwa sababu sehemu kubwa ya utafiti wa amani na usalama wa dunia imejengwa juu ya dhana ya kinyume: kwamba kusikia ni jambo moja na kutenda ni jingine, kwamba kazi ya mtafiti inaisha anapokabidhi ripoti, na kwamba damu ikimwagika basi tulipungukiwa na taarifa. Dhana hiyo ni kosa la kimaadili kabla ya kuwa kosa la kiutendaji. Anayejua ana deni, na ripoti isiyomlazimisha msomaji wake kujibu, kwa jina lake na kwa tarehe, haijakamilika, hata ikiwa na kurasa elfu.

Tuchukue Rwanda, kwa kuwa ndiko kauli ya “hatukujua” ilikopimwa kwa kina. Aprili 1993 Bacre Waly Ndiaye, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, alikwenda nchini humo. Ripoti yake ilitoka Agosti, wiki moja tu baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha kutiwa saini. Ilieleza kwamba Watutsi walikuwa wakiuawa kwa sababu tu ya kuwa Watutsi, na ikaibua suala la mauaji ya kimbari miezi minane kabla dunia haijalazimika kulitamka neno hilo. Januari 11, 1994, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha kulinda amani cha UNAMIR, alituma ujumbe New York. Mtoa habari kutoka ndani ya Interahamwe alikuwa amesema kwamba ameamriwa kuwaorodhesha Watutsi wote wa Kigali, naye alihisi ni kwa ajili ya kuwaangamiza. Tena ulikuwapo mpango wa kuwaua askari wa Ubelgiji ili nchi yao iondoe jeshi. Dallaire alitaka kuvamia maghala ya silaha. New York ilimkatalia kwa hoja kwamba jambo hilo linavuka mamlaka aliyopewa, ikamwagiza aipeleke taarifa kwa Rais Habyarimana, ambaye Interahamwe lilikuwa tawi la vijana la chama chake mwenyewe. Aprili 7, mauaji yalipokuwa yameanza, askari 10 wa Ubelgiji waliuawa, na Ubelgiji ikaondoa jeshi lake kama ilivyotabiriwa. Aprili 21 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 912, likaamua kukipunguza kikosi cha watu wapatao 2,500 hadi 270. Katika majuma hayo yote Serikali ya Rwanda ilikuwa na kiti katika Baraza hilohilo. Waliokuwa wakisimamia mauaji walijua vizuri dunia inawaza nini. Waliokuwa wamejificha kwenye mapaa ya makanisa hawakujua.

Dini zimelitafakari suala hili kabla ya taasisi zetu za utafiti. Katika sura ya 33 ya kitabu cha nabii Ezekieli kuna mlinzi aliyewekwa kuangalia upanga ukija. Akipiga tarumbeta na mtu akapuuza, damu ya mtu huyo iko juu ya kichwa chake mwenyewe. Asipopiga, damu inadaiwa mkononi mwa mlinzi. Watafiti wengi wangependa kusimama hapo: tulipiga tarumbeta, tumenawa mikono. Lakini wanapita haraka mno mwanzo wa habari hiyo. Mlinzi yule anachaguliwa na watu wa nchi, kutoka miongoni mwao, na anayeisikia tarumbeta ndiye ambaye upanga unamjia. Anayepuuza anahatarisha shingo yake. Siku hizi mpangilio umepinduliwa. Tarumbeta inapigwa Kigali, Goma au Darfur, na masikio yanayotakiwa kusikia yako New York, Washington na Paris, mahali ambapo anayepuuza hapotezi kitu. Masharti yaliyomwondolea lawama mlinzi wa Ezekieli hayapo tena. Waislamu nao wana mafundisho mashuhuri ya Mtume kuhusu ngazi tatu za kuondoa uovu, kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo, na ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote. Mafundisho hayo yanamruhusu mtu kushuka ngazi pale tu anaposhindwa ile ya juu. Ripoti ni kazi ya ulimi. Inapoagizwa na mwenye mkono, ili mkono upate kupumzika, ulimi umegeuzwa kuwa kificho.

Kuna pingamizi zito hapa, na wanaolitoa hawana nia mbaya. Wanasema ni rahisi kuona baada ya tukio. Roberta Wohlstetter, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu shambulio la Pearl Harbor, alionyesha jinsi dalili za kweli zinavyozama katika makelele ya dalili za uongo. Ujumbe wa Dallaire unang’aa leo kwa sababu tumekwisha kufuta mengine yote yaliyofika siku ile. Hoja hiyo ina nguvu kwa Pearl Harbor. Kwa Rwanda inalegea, maana swali lililotawala majibu ya New York lilihusu mipaka ya mamlaka ya kikosi, wala halikuwa hasa kama taarifa ni ya kweli. Asiye na uhakika angemtafutia mtoa habari ulinzi aliouomba, ili aendelee kumhoji. Hakuupata. Tena, azimio namba 912 lilipitishwa wiki mbili baada ya mauaji kuanza, maiti zikiwa mtoni na barabarani. Tume huru iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Sweden, ilihitimisha Desemba 1999 kwamba kilichokosekana ni rasilimali na utashi wa kisiasa. Taarifa zilikuwapo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: ikiwa kujua kunalazimisha kutenda, basi tumewapa wenye nguvu kibali cha kuvamia kila wanapodai kujua. Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama, kwa uhakika na kwa picha, kuhusu silaha za maangamizi za Iraq. Nchi ikavamiwa, na maghala yaliyodaiwa hayakuonekana. Pingamizi hili ningelikubali moja kwa moja kama deni la anayejua lingekuwa deni la kupiga risasi. Ninalodai ni dogo zaidi na, naamini, gumu zaidi: deni la kujibu. Aliyepewa onyo anaweza kusema hapana, kwamba hana askari, kwamba ushahidi hautoshi, kwamba kuingilia kutazidisha madhara. Aseme hayo hadharani, aweke sababu na jina, kabla ya tukio. Sharti hilo lingefanya kazi katika suala la Iraq kama katika la Rwanda, kwa kuwa wakaguzi wa silaha wa Hans Blix walikuwa wakiomba muda wa kuendelea na kazi, na hakuna aliyelazimishwa kueleza kwa nini wanyimwe.

Mfano wa karibu zaidi na ninachokitafuta ulitokea hapahapa Afrika Mashariki. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Iligundua pia kwamba idara ya ujasusi, NSIS, ilikuwa na taarifa za kutarajia vurugu, ila vyombo vya usalama havikujiandaa ipasavyo. Yaleyale ya Kigali kwa kipimo kidogo. Lakini Waki aliijua hatima ya ripoti za tume nchini mwake. Oktoba 2008 aliyafunga majina ya washukiwa wakuu katika bahasha, akaandika kwamba mahakama maalumu isipoundwa ndani ya muda uliotajwa, bahasha iende kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Aliyekabidhiwa kuitunza ni Kofi Annan, mtu yuleyule aliyekuwa mkuu wa idara ya ulinzi wa amani ujumbe wa Dallaire ulipoingia New York. Safari hii karatasi aliyoshika ilikuwa na saa ndani yake. Bunge liliukataa muswada wa mahakama hiyo Februari 2009, Annan akaongeza muda kidogo, na Julai akaipeleka bahasha The Hague. Jaji hakugeuka mwanaharakati, wala hakuandamana. Aliandika tu ripoti ambayo ukimya nao ungehesabiwa kuwa jibu.

Nitaambiwa kwamba kesi zilizofuata huko ICC zilianguka, na ni kweli: mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na ya William Ruto yakafutwa Aprili 2016. Bahasha haikuleta haki. Nisingependa kulipamba hilo, kwa kuwa waathirika wa ghasia hizo, huko Kiambaa na Naivasha, hawali utaratibu. Hata hivyo kushindwa kule kuna anwani. Tunajua ni bunge lipi lilikataa, siku gani, na mwendesha mashtaka alikwama wapi. Linganisha na Congo. Oktoba 1, 2010 Umoja wa Mataifa ulichapisha ripoti yenye kurasa zaidi ya 500, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ikapendekeza mahakama ya mseto ya majaji wa Congo na wa kigeni. Nani kati ya waliokabidhiwa ripoti hiyo aliwekewa tarehe ya kujibu? Hakuna. Denis Mukwege, daktari wa Congo, akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alilalamika kwamba ripoti hiyo inaoza kwenye droo, na watu wakampigia makofi. Majina ya washukiwa nayo yapo. Walioiandaa waliyaweka katika hifadhi ya siri mikononi mwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, Geneva, kama Waki alivyoyaweka katika bahasha. Tofauti ni moja: orodha ya Geneva haikupewa tarehe.