Mauaji Huanza na Jina

Vijana wenzangu, juzi kwenye grupu letu la WhatsApp mtu aliwaita watu wa kabila fulani “kunguni”. Nami nikacheka.

Baadaye nikakumbuka Rwanda, 1994. Redio RTLM iliwaita Watutsi “inyenzi”, yaani mende. Na mende nani humwonea huruma? Kwa siku 100 hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia laki nane au zaidi, wengine ndani ya makanisa yetu, kama Ntarama na Nyamata.

Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari ulikuwepo tangu 1948. Lakini Aprili 1994 Baraza la Usalama liliamua kupunguza walinda amani hadi 270 tu. Mwaka 2005 mataifa yakaahidi tena kuwalinda raia. Ni vizuri, ila msaada huchelewa, neno hutangulia.

Kule Nyange, 1997, wanafunzi waliamriwa na washambuliaji wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa: sisi sote ni Wanyarwanda. Baadhi yao wakauawa. Mimi hata kicheko kilinishinda kuzuia!

Jioni nikaomba msamaha kwenye grupu. Wengine walinitania. Sawa tu.

Je, wewe ungelinyamazia jina lile?